Nani Aamue Slaidi Inayofuata? Hoja ya Unyumbufu katika Kufundisha kwa PowerPoint

Programu ya PowerPoint ilitoka mwaka 1987, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni iliyoiunda, Forethought, kwa dola milioni 14. Iliandaliwa kwa ajili ya vikao vya biashara, ambako mzungumzaji huja na hoja yake imekamilika na kazi yake ni kuwashawishi wasikilizaji. Asili hiyo imeingia nayo darasani. Mwanafunzi akiuliza jambo ambalo maelezo yake yako slaidi ya 15, huambiwa asubiri, na zamu ya slaidi hiyo inapofika swali limeshapoa.

Edward Tufte, mtaalamu wa Marekani wa uwasilishaji wa takwimu, aliishutumu programu hii mwaka 2003 kwa kuzikatakata hoja kuwa vipande visivyoshikana. Shutuma hiyo ni nzito, lakini inahusu zaidi kilichoandikwa kwenye slaidi. Kwa mwalimu liko swali linalotangulia: slaidi ipi ifuate, na nani aamue? Ninashikilia kwamba uamuzi huo utokane na majibu ya wanafunzi, na kwamba programu inauruhusu kwa urahisi kuliko inavyodhaniwa.

Tuchukue somo la usanisinuru. Mwalimu anauliza: mti mkubwa umeupata wapi uzito wake? Slaidi inaonyesha majibu matatu, yaani udongo, maji na hewa, na kila jibu limewekewa kiungo cha kwenda kwenye slaidi yake. Darasa likisema udongo, kama inavyotokea mara nyingi, mwalimu anabofya hapo na kufungua jaribio la Jan Baptista van Helmont, lililochapishwa mwaka 1648. Alipanda mche kwenye udongo alioupima, akaumwagilia kwa miaka 5. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70; udongo ulipungua gramu 60 hivi. Wanafunzi wakishaziona namba hizo, wengi watahamia kwenye maji, na hapo ndipo alipoishia van Helmont mwenyewe. Slaidi ya maji basi inauliza swali moja tu: kaboni tunayoiona kwenye mkaa imetoka wapi, ilhali maji hayana kaboni? Darasa jingine litaanza moja kwa moja na hewa. Hilo litadaiwa ushahidi, na huenda likamhitaji van Helmont mwishoni badala ya mwanzoni. Faili ni lilelile, ila njia zimetofautiana.

Hata pasipo viungo, mwalimu akiandika namba ya slaidi na kubonyeza Enter wakati wa onyesho, anafika anakotaka. Akibonyeza herufi B, skrini inakuwa nyeusi na darasa linarudi kwenye mjadala au ubaoni. Kuhusu maandishi, utafiti wa mwanasaikolojia wa elimu Richard Mayer umeonyesha kwamba picha inayoelezwa kwa sauti hufundisha vizuri zaidi kuliko picha na sauti vikiongezewa maneno yaleyale kwenye skrini. Kwa hiyo slaidi za matawi, yaani zile zinazofunguliwa kulingana na jibu la darasa, ziwe na maneno machache.

Pingamizi la haki ni muda. Mwalimu mwenye vipindi vingi na madaftari ya kusahihisha hawezi kuandaa matawi kwa kila mada, wala hapaswi. Panatosha pahali pamoja katika somo, pale penye kosa linalojirudia kila mwaka, na walimu wa idara moja wanaweza kugawana kazi hiyo. Umeme ukikatika, maswali yale yanaulizika kwa chaki, kwa kuwa mpangilio wake umo kichwani mwa mwalimu.

Ugumu halisi uko kwingine. Huwezi kuandaa tawi la kosa usilolijua. Anayejua kuweka rangi na michoro inayosogea, lakini hajawahi kuchunguza kwa nini wanafunzi wake hujibu udongo, atabaki na mstari mmoja wa slaidi hata akipewa projekta mpya. Kwa hiyo mafunzo ya TEHAMA kwa walimu yaanze na majibu yasiyo sahihi yaliyokusanywa kutoka madaftari ya wanafunzi, yajadiliwe somo kwa somo, na viungo vifundishwe baada ya hapo. Kuvifundisha hakutachukua zaidi ya kipindi kimoja.