Tufe ni Lile Lile, Kilichogeuka ni Mgongo

Leo tuweke kompyuta kando, tuzungumze habari za chuma. Mwishoni utaona hatukwenda mbali sana.

Tarehe 21 Julai 1952, Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, Finland, fainali ya kurusha tufe kwa wanaume. Wamarekani watatu walibeba medali zote. Parry O'Brien, kijana wa miaka 20, alirusha mita 17.41. Darrow Hooper, 17.39. Jim Fuchs, mwenye rekodi ya dunia ya mita 17.95 tangu 1950, akaambulia shaba kwa 17.06. Kati ya dhahabu na fedha palikuwa na sentimita 2, upana wa kidole!

Sasa tazama masharti ya mchezo wenyewe. Tufe la wanaume lina kilo 7.26. Duara lina upana wa futi 7. Huwezi kupunguza uzito, wala huwezi kuongeza nafasi. Umbali hutegemea zaidi kasi ya tufe linapotoka mkononi: ukiongeza kasi kwa asilimia 5, umbali huongezeka kwa takriban asilimia 10. Na ili upate kasi, ni lazima ulisukume tufe kwa njia ndefu zaidi kabla ya kuliachia.

Warushaji wengi wa enzi hizo walianza wakiwa wamesimama kiubavu. O'Brien aliupa uwanja mgongo. Aliinama, akateleza kinyumenyume kwa mguu mmoja, kisha akageuka nusu mzunguko na kusukuma. Duara ni lile lile, lakini njia ya tufe ikawa ndefu.

Matokeo? Mwaka 1953 alifikisha mita 18.00. Tarehe 8 Mei 1954, siku mbili tu baada ya Roger Bannister kukimbia maili chini ya dakika 4, alirusha mita 18.42 na kuwa mtu wa kwanza kuvuka futi 60. Kati ya 1952 na 1956 alishinda mashindano 116 mfululizo, na Melbourne 1956 akatwaa dhahabu tena kwa mita 18.57.

Lakini ujuzi wa uwanjani haufichiki. Kila mwenye macho aliuona, akauiga. Roma 1960, Bill Nieder alirusha mita 19.68, naye O'Brien akapata fedha. Baadaye wakaja wa kuzunguka kama pia: Aleksandr Baryshnikov wa Muungano wa Sovieti alifikisha mita 22.00 mwaka 1976, na Ryan Crouser wa Marekani mita 23.56 mwaka 2023. Tufe bado ni kilo 7.26.

Sisi waandishi wa programu, kazi ikienda polepole, hukimbilia kudai mashine mpya. Kabla hujafungua pochi, hebu zitazame upya hatua za programu yako. Huenda umesimama kiubavu.