Ukaazi Thabiti: Istilahi Moja na Tozo Yake

Katika Kata ya Kawetele, iliyomo katika mji wa Tukuyu chini ya Mlima Rungwe, ambako riziki ya mwaka hutoka katika maziwa, ndizi, chai na parachichi, neno bima si geni tena. Kwani tangu Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 ilipouasisi Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na hasa tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mkulima wa hapa amekwisha kufahamu kwamba kuna kadi ambayo, mtu akiwa nayo, hutibiwa katika Hospitali ya Wilaya pale Makandana pasipo kufungua mkoba. Lakini kadi hiyo imefungamana na vituo vilivyosajiliwa na Mfuko hapa nchini, na nguvu yake hukoma mpakani; na kijana wa Kawetele anapopata nafasi ya kusoma Uingereza, au ya kujitolea Ujerumani kwa njia ya kanisa, au ya utumishi wa nyumbani Muscat na Dubai, wazazi wake hulazimika kuuliza swali ambalo hawakupata kuliuliza kabla: mwana wetu akiugua ugenini, nani atamtibu, na kwa haki gani?

Jibu la swali hili, kwa upande wa Uingereza, limekaa ndani ya istilahi moja ya sheria ambayo Kiswahili hakijaipa jina la kutosha. Wengi hudhani kwamba haki ya kutibiwa huko hutokana na uraia, wengine hudhani hutokana na kodi, na wengine hudhani hutokana na ugonjwa wenyewe kuwa mkali. Hakuna katika hayo matatu lililo msingi. Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, iliyoanza tarehe 5 Julai 1948, haikujengwa juu ya michango ya mtu mmoja mmoja wala juu ya pasipoti. Na serikali ya huko ilipoanza, mwaka 1982, kuwatoza wageni gharama za hospitali, mpaka uliowekwa baina ya anayetozwa na asiyetozwa ulikuwa ni aina fulani ya ukaazi, yaani namna mtu anavyokaa katika nchi, si alikozaliwa wala anacholipa.

Istilahi hiyo, ikifasiriwa neno kwa neno, hutoa “ukaazi wa kawaida”. Ni tafsiri nyepesi, na kwa sababu hiyo ndiyo inayomjia kila mfasiri kwanza, walakini haifai. Neno kawaida, likiambatana na mtu, limekwisha kupata maana yake katika siasa na magazeti yetu: mwananchi wa kawaida ni mtu asiye na cheo, asiye na mali, asiye na mlango wa nyuma wa kupitia. Ukimwambia mzee wa Kawetele kwamba mwanawe atatibiwa Uingereza akiwa “mkaazi wa kawaida”, ataelewa kwamba atatibiwa kama wanyonge wengine wote, na atashukuru. Ilhali sheria haisemi habari ya cheo hata kidogo.

Sheria husema nini basi? Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1982 majaji wa Baraza la Malodi waliamua shauri la wanafunzi wa kigeni waliokuwa wakidai ruzuku ya masomo kwa halmashauri zao, shauri linalojulikana kwa jina la Shah dhidi ya Barnet, na Lord Scarman ndiye aliyetoa ufafanuzi uliotumiwa baadaye katika mambo mengi, matibabu yakiwamo. Muradi wa ufafanuzi wake ni huu: mkaazi wa namna hii ni mtu aliyeko mahali kwa hiari yake, kwa kusudi lililotulia, likiwa sehemu ya mwenendo wa maisha yake kwa wakati ule, ukiwa mfupi au mrefu. Kusudi si lazima liwe la milele. Masomo ni kusudi, kazi ni kusudi, kumfuata mume au mke ni kusudi. Linalotakiwa ni kwamba mtu awe amelitua jambo lake pale, si kwamba anapita tu. Ukaaji wake uwe wa halali, na uwe na uthabiti.

Jambo hili si geni katika fikra za watu wa pwani yetu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi katika miji ya Waswahili, wamepambanua tangu zamani baina ya msafiri na mukimu: msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala, mukimu hana, na aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, amekwisha kutoka katika hukumu ya msafiri. Nia ndiyo kipimo, kama ilivyo kwa Lord Scarman, wala urefu wa muda haukutakiwa uwe mkubwa. Ningependa sana neno hili mukimu liingie katika istilahi za sheria zetu, lakini naona vikwazo viwili. Kwanza, ndugu yake ikama amekwisha kuajiriwa kwingine: katika utumishi wa serikali ya Tanzania ikama ni idadi ya watumishi waliokubaliwa katika idara, na kwa vijana wetu walioko Saudia ikama ni kile kitambulisho cha kuishi ambacho mtu akikipoteza amepoteza amani. Pili, huku milimani, ambako Injili ya Wamoravian imekaa Rungwe tangu 1891, neno mukimu halijulikani ila kwa wachache, na istilahi ya afya haifai kumfanya mzazi aende kwanza kwa mwalimu.

Kwa hiyo napendekeza ukaazi thabiti. Thabiti ni neno la Kiarabu lililokwisha kuwa letu kabisa. Mtu wa Lamu na mtu wa Tukuyu hulielewa sawasawa. Nalo lina ile nguvu ya kutulia na kukazana ambayo majaji waliikusudia, pasipo kudai kwamba ukaaji uwe wa siku zote. Maana kwa ukaazi wa siku zote tunalo jina jingine, ukaazi wa kudumu, na tofauti ya hayo mawili ndiyo kiini cha habari hii yote.

Hadi mwaka 2015, mwanafunzi kutoka Tanzania aliyekwenda Uingereza kwa masomo halisi aliweza kuhesabiwa mkaazi thabiti, akatibiwa kama jirani yake. Ndipo Sheria ya Uhamiaji ya 2014, katika kifungu cha 39, ilipotamka kwamba kwa mambo ya afya mtu aliye chini ya udhibiti wa uhamiaji hatahesabiwa kuwa na ukaazi huo ila akiwa na idhini ya kuishi isiyo na ukomo. Kwa tamko hilo uthabiti uliambatanishwa na kudumu, na mwenye viza ya muda, hata awe ametulia kiasi gani, akatolewa nje ya mlango. Kisha akafunguliwa dirisha la kuingilia kwa malipo, na malipo hayo yakaanza kukusanywa Aprili 2015.

Malipo hayo ndiyo ambayo wazazi wetu huyaita bima, na mawakala wa vyuo huwaitikia. Yalianza kwa paundi 200 kwa mwaka, na 150 kwa mwanafunzi. Januari 2019 yakazidishwa mara mbili. Oktoba 2020 yakawa 624 na 470. Na tangu tarehe 6 Februari 2024 ni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mwanafunzi na kwa mtoto. Hulipwa yote kwa mara moja, kwa muda wote wa viza, wakati wa kuomba, kabla mtu hajajua kama atakubaliwa, akikataliwa hurudishiwa. Kipande cha mwaka kisichozidi miezi sita hulipiwa nusu, ndiyo maana anayekwenda kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, ambaye viza yake kwa desturi hupewa miezi kadhaa ya ziada, hujikuta akidaiwa paundi 1,164. Kwa mtu anayehesabu fedha za maziwa lita kwa lita, fungu hili si dogo, na ana haki ya kuambiwa kwa lugha yake anachokinunua.

Hanunui bima. Bima ni mkataba: mchangaji na mtoa bima hupatana juu ya hatari fulani, na hatari ikitokea kuna dai la kupelekwa. Hapa hakuna mkataba, hakuna dai, hakuna mafao yaliyoorodheshwa; kuna malipo yanayomrudisha mwenye viza katika hukumu ya mkaazi thabiti mintarafu ya matibabu, basi. Jina lake la haki ni tozo. Najua neno hili liliacha ladha chungu vinywani mwetu tangu tozo za miamala ya simu za mwaka 2021, lakini uchungu wa neno si hoja ya kulikataa pale linaposema kweli. Na yamkini mzazi akisikia tozo atauliza maswali ambayo akisikia bima hayaulizi.

Na maswali yapo. Kwa kuwa aliyelipa huwekwa sawa na mkaazi, hupata anachopata mkaazi na hukosa anachokosa mkaazi: hospitali ni bure kwake, uzazi ni bure, daktari wa mtaa ni bure, lakini kwa daktari huyo hana budi kujiandikisha mwenyewe, na wengi hungoja mpaka homa iwashike ndipo waanze kutafuta fomu. Akiwa England hulipia dawa anazoandikiwa, paundi 9.90 kwa kila dawa, na meno na miwani vina bei zake. Akiwa Scotland au Wales dawa hazilipiwi. Matibabu ya kusaidia kutunga mimba yameondolewa katika haki hiyo huko England tangu 2017. Aliyepewa viza ya watumishi wa afya hasamehewi kazi ila husamehewa tozo, na hili wauguzi wetu walijue. Wala asidhani kwamba tozo humfuata akivuka kwenda Paris kwa matembezi: viza ya Schengen humtaka awe na bima ya safari ya euro 30,000 kwa uchache, nayo hiyo ni bima kwelikweli.

Ujerumani, nchi ambayo zamani iliuita mji wetu Neu Langenburg, haina tozo ya namna hii, maana mpango wake, tangu sheria ya Bismarck ya 1883, ni wa mifuko ya bima ya wagonjwa. Mwanafunzi hakubaliwi chuoni bila bima, na akiwa hajatimiza miaka 30 aweza kuingia katika mfuko wa umma kwa mchango wa kila mwezi. Huko mzazi akisema bima hakukosea.

Ghuba ni jambo la tatu, nalo lina jina la tatu: dhamana. Dubai, kwa Sheria Na. 11 ya 2013, imemlazimisha mwajiri kumkatia mfanyakazi wake bima, na mahali pengi pa Ghuba matibabu ya mgeni hupitia mkononi mwa kafili, yaani mdhamini wa kibali chake. Wazee wetu wa Unyakyusa waliochukuliwa na Wenela, shirika lililoandikisha vibarua, kwenda machimbo ya Afrika Kusini wangelitambua hali hii mara moja, maana nao walipimwa miili kabla ya kuondoka na kutibiwa na kampuni maadamu mkataba ulikuwa hai. Binti anayemkimbia mwajiri mbaya huhatarisha kibali chake, na kibali kikianguka tiba nayo huanguka. Na huu, kwa maoni yangu, ndio udhaifu mkubwa kuliko wote, kwa sababu humfunga mgonjwa kwa mtu ambaye pengine ndiye aliyemwumiza.

Tusiwalaumu wenzetu peke yao. Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, humtaka mgeni mtu mzima wa kutoka nje ya nchi akate bima ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar kabla ya kuingia. Kila nchi hutafuta njia ya kumpambanua mkaazi na mpita njia, na kila nchi hutoza kwenye mpaka huo.

Naliomba Baraza la Kiswahili la Taifa lizipitie istilahi hizi, ukaazi thabiti, ukaazi wa kudumu, tozo ya afya, bima na dhamana, na likiona majina bora kuliko haya lituwekee. Kwa sasa, ndugu msomaji uliye na mwana Uingereza, tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika viza yake. Ombi la kuongeza muda likipelekwa kabla ya tarehe hiyo, haki yake ya kutibiwa huendelea mpaka ombi liamuliwe. Likipelekwa baada yake, hospitali yaweza kumwandikia hati ya madai ya asilimia 150 ya gharama.