Plasma ilifika kabla ya umeme

Televisheni ya plasma haikubuniwa kwa ajili ya sebule. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, Donald Bitzer, Gene Slottow na mwanafunzi wao Robert Willson walikuwa wakitafuta kioo cha kufaa kompyuta ya kufundishia iliyoitwa PLATO. Vioo vya mwanzo viliwaka rangi moja tu, ya chungwa. Ilipita zaidi ya miaka 30 ndipo teknolojia hiyo ikawa runinga ya inchi 42 yenye rangi zote, iliyoingia sokoni mwaka 1997 kwa bei iliyokaribia dola 15,000.

Wakati huo Tanzania Bara ilikuwa na miaka mitatu tu tangu ianze kutazama televisheni yake yenyewe. Zanzibar ilitangulia mbali: chini ya Rais Aboud Jumbe, mwanzoni mwa miaka ya 1970, visiwa hivyo vilikuwa vya kwanza kusini mwa Sahara kurusha televisheni ya rangi. Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu televisheni kuwa anasa kwa nchi iliyokuwa bado inahangaikia shule, zahanati na visima. Kituo cha ITV kilianza mwaka 1994.

Mwaka huohuo wilaya ya Ngara, mpakani na Rwanda, ilipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka huko, na mwaka uliofuata ikapata Redio Kwizera. Kwa watu wa Ngara, wa Biharamulo jirani na wa kata zake kama Nemba, habari na mpira vilikuja kwa redio ya betri. Runinga, ilipofika, ilikuwa ya chogo, na mara nyingi ilikuwa ya kibanda umiza, banda la kutazama kwa kulipia.

Na hapo kwenye kibanda umiza ndipo sifa za plasma zinapoeleweka vizuri. Kioo chake kimejaa vyumba vidogo mno vyenye gesi ya neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi hutoa miale isiyoonekana, nayo hugonga unga maalumu unaowaka mwekundu, kijani au buluu. Kila nukta hujiwakia yenyewe. Ndiyo maana cheusi cha plasma ni cheusi kweli, mpira uliopigwa kwa kasi hauachi mkia, na aliyebanwa benchi la pembeni kabisa anaona rangi zilezile anazoona aliyelipia kukaa katikati. Runinga bapa za LCD za miaka ya 2000 hazikuweza hayo.

Lakini kibanda hichohicho ndicho kilichoumbua udhaifu wake. Picha isiyosogea hukichosha kioo. Kibandiko cha mabao kikikaa kona ya juu kushoto wikendi baada ya wikendi, pamoja na nembo ya kituo, hubaki pale kama kivuli hata tamthilia ikiwekwa. Mkono ukipitishwa nyuma ya runinga baada ya mechi mbili, joto lake ni la kupashia chai. Mchana, mlango ukiwa wazi, kioo hurudisha sura za watazamaji. Na uzito! Plasma nyingi za mwanzo za inchi 42 zilikuwa na kilo 30 au zaidi, kioo chake cha kusafirishwa kikiwa wima. Barabara ya vumbi na bodaboda si mahali pake. Hata mwinuko una neno: hewa ikipungua mlimani, plasma huvuma, na watengenezaji waliweka mpaka wa matumizi wa takriban mita 2,000. Vilele vya Ngara haviko mbali na hapo.

Yote hayo yangevumilika kama si umeme. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilikuwa nje ya gridi ya taifa, zikitegemea mitambo ya dizeli ya TANESCO, na vijiji vingi havikufikiwa hata na umeme huo. Plasma ya wati 300 ilitaka jenereta na petroli, au sola ya gharama kubwa. Mtu aliyeinunua alinunua picha bora kuliko zote, kisha akaizima kwa kukosa mafuta.

Gridi ilipokuja, mambo yalikuwa yamebadilika kiwandani. Panasonic ilisimamisha utengenezaji mwishoni mwa 2013. Samsung na LG zikafuata mwaka 2014. Mradi wa Rusumo, unaozalisha megawati 80 kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwenye maporomoko ya Mto Kagera, ulianza kutoa umeme mwaka 2023, laini yake ikiunganishwa Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Plasma ilikuwa imeacha kutengenezwa kwa karibu muongo mzima.

Zilizobaki sokoni ni za mtumba, na bei yake huvutia. Anayefikiria kuichukua apige hesabu ya Luku kwanza. Wati 300 kwa saa tano kila siku ni uniti 45 kwa mwezi. Runinga ya LED ya wati 50, kwa saa hizohizo, hula uniti saba na nusu. Kwa mteja wa kijijini aliye kwenye bei nafuu yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, plasma peke yake humaliza zaidi ya nusu, kabla ya taa, simu na pasi.

Kwa nyumba ya Nemba leo, LED ndiyo ya kununua. Ambaye moyo wake bado uko kwenye plasma, kwa sababu ya mpira na rangi zake, aombe iwashwe nusu saa dukani, iwekwe picha nyeupe tupu, kisha atazame kona ya juu kushoto kabla ya kutoa fedha.