Jumapili za Miaka Mitatu kwa Namba Moja

Mwaka huu wa 2026 imetimia miaka 100 tangu afariki Frank Nelson Cole, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Jina lake limebaki kwenye tuzo ya Chama cha Hisabati cha Marekani, lakini kinachosimuliwa zaidi juu yake ni alichoifanyia namba moja: 147,573,952,589,676,412,927.

Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliiorodhesha miongoni mwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hakutoa uthibitisho, na bado neno lake lilisimama zaidi ya karne mbili. Mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, alionyesha kuwa si tasa. Ila njia yake haikufichua vigawo: ilijulikana kwamba inagawanyika, haikujulikana kwa ngapi.

Oktoba 31, 1903, wanahisabati walikutana New York. Mwanahisabati Eric Temple Bell, aliyeiandika habari hiyo baadaye, anasimulia kwamba Cole alikwenda ubaoni kimya. Akashika chaki, akakokotoa 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1. Akahamia sehemu tupu ya ubao, akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akaanza kuzidisha kwa mkono, mstari chini ya mstari. Majibu mawili yakalingana tarakimu zote 21. Cole akarudi kuketi bila kutamka neno. Ukumbi ukampigia makofi, na hakuna aliyekuwa na swali.

Bell anasema alimuuliza mwaka 1911 kazi hiyo ilimchukua muda gani. Cole akajibu: Jumapili za miaka mitatu.

Hakuwa akibahatisha. Kila kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 134 ukiongeza 1, na kweli 193,707,721 ni 134 mara 1,445,580, jumlisha 1. Hata hivyo, wagombea waliobaki ni wengi mno, na Cole aliwachuja kwa kalamu na karatasi.

Leo kazi hiyo ni ya kompyuta. Mwaka 2024 ilitangazwa namba tasa ya jamii hiyohiyo, yaani 2 kwa kipeo fulani ukitoa 1, yenye tarakimu 41,024,320.

Kinachosikitisha ni kwamba somo la Cole halifiki madarasani mwetu. Tunawazoesha watoto kuamini jibu kwa sababu limo kitabuni au limetoka kwa mkubwa, ilhali orodha ya Mersenne ilikosea na iliheshimiwa vilevile. Kuvitafuta vigawo vile kulimla mtu miaka. Kuvihakiki kunahitaji kuzidisha tu, na mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza. Walimu waiandike namba hii ubaoni, wawaachie watoto kikao kizima, na kikokotoo kibaki mkobani.