Duka la kukodisha mikanda: Durban inavyotufundisha nani anakula hela ya filamu

Ukitaja filamu za Afrika Kusini, watu wanawaza Johannesburg au Cape Town. Durban tunaachiwa bahari na bunny chow. Lakini mmoja wa watayarishaji wakubwa wa filamu nchini, Anant Singh, ni mtoto wa hapa hapa, na kabla ya kamera alikuwa na duka.

Alizaliwa mwaka 1956. Akiwa na miaka 18 aliacha masomo ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Durban-Westville, chuo ambacho serikali ya ubaguzi iliwatengea Wahindi, akanunua duka la kukodisha filamu za milimita 16. Leo inasikika ajabu, lakini kumbuka: televisheni ilianza rasmi nchini mwaka 1976, na kumbi za sinema zilitengwa kwa rangi. Ukitaka kuona filamu nyumbani, unakodisha mkanda na kuuwasha kwa projekta. Mwenye duka ameununua mkanda mara moja tu. Unatoka Ijumaa, unarudi Jumatatu, wiki ijayo unatoka tena, na kila ukitoka unaleta hela.

Shika hapo, maana biashara nzima ya filamu iko ndani ya duka lile.

Video ilipokuja, Singh aliingia kwenye usambazaji na kuunda kampuni ya Videovision. Mwaka 1984 akaanza kutayarisha filamu zake mwenyewe, akianza na Place of Weeping ya mwongozaji Darrell Roodt, iliyopinga ubaguzi wakati ubaguzi bado uko madarakani. Zikafuata Sarafina! mwaka 1992, na Yesterday mwaka 2004, filamu ya Kizulu iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Sasa, hela inatoka wapi? Kupiga picha ni kutumia tu: waigizaji, taa, magari, chakula. Hela inarudi baadaye, na tiketi za sinema ni sehemu moja tu. Filamu ileile inauzwa kwa televisheni ya kulipia, kisha kwa televisheni ya bure, kwa mashirika ya ndege, kwa mitandao, na nchi moja baada ya nyingine. Kila mauzo ni mkataba wake. Anayepokea ni mwenye hakimiliki, yaani mwenye haki ya kuamua nani aonyeshe na kwa bei gani. Haki hizo ni mali hata kabla filamu haijapigwa. Mandela alimpa Singh haki za kukigeuza kitabu cha maisha yake kuwa filamu tangu miaka ya 1990, na filamu yenyewe ikatoka 2013.

Studio ya majengo nayo ni ukodishaji: unakodisha ukumbi, karakana ya seremala wa seti, ofisi. Singh alitaka kuijenga Durban, pale Natal Command, kambi ya zamani ya jeshi karibu na ufukwe. Mpango ukakwama mahakamani kwa miaka. Cape Town ikafungua studio yake mwaka 2010, na Singh mwenyewe ni mmoja wa wenye hisa. Gereza la Robben Island la kwenye filamu ya Mandela lilijengwa huko. Mafundi, madereva na wapishi waliolipwa walikuwa wa huko pia.

Durban imepata riziki kwa njia nyingine. Tangu Februari 2015, Uzalo, tamthilia ya KwaMashu inayotengenezwa na kampuni ya Stained Glass, imekuwa kati ya vipindi vinavyotazamwa zaidi nchini. Lakini utaratibu wa kawaida wa SABC ni kuagiza kipindi, kulipa gharama pamoja na ada ya mtayarishaji, na kubaki na haki. Ni ajira ya uhakika mwezi hadi mwezi, sawa, ila mkanda ni wa SABC.

Wazazi wetu wengine walikuja na mikanda ya Bongo Movie kwenye mabegi. Kule nako watayarishaji wengi waliuza filamu pamoja na haki zote kwa msambazaji, kwa malipo ya mara moja. Sura ya mwigizaji ilijulikana hadi Bujumbura na Lubumbashi, na bado kila DVD iliyouzwa dukani haikumwongezea kitu.

Kwa nini tunayaandika haya hapa? Kwa sababu wengi wetu sasa tunarekodi: vichekesho vya Kiswahili, mahojiano ya wazee, harusi, vipindi kama hiki chetu. Siku moja mtu atakuja na hela na karatasi. Kabla ya kuangalia kiasi, tafuta mambo matatu: haki anazochukua ni zipi, ni za nchi zipi, na ni kwa miaka mingapi. Ukikuta imeandikwa "zote, dunia nzima, milele", jua hapo hukodishi. Unauza duka, na bibi yako aliyesimulia hadithi yuko ndani yake.