Mizani ya Kahawa Machame

Vijana wetu shuleni hupenda kuijadili hoja moja kongwe: je, ubepari ukiachiwa njia huishia katika ukiritimba? Na je, mali ikishakuwa ya umma, unyonyaji hukoma? Upande mmoja humtaja Marx na Lenin, ukaeleza jinsi kampuni kubwa zinavyozimeza ndogo. Upande wa pili hutaja uzembe wa mashirika ya umma. Mimi si mchumi. Maisha yangu yamepita katika majalada ya ofisi na vina vya mashairi. Lakini naona hoja hiyo yafaa ijadiliwe mbele ya mizani ya kahawa, na mizani niijuayo ni ya Machame.

Kahawa ililetwa Kilimanjaro na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea vihambani chini ya migomba. Walowezi hawakupendezwa. Katika nchi jirani ya Kenya Mwafrika alizuiwa kwa miaka mingi kupanda zao hilo, na walowezi wa Moshi walitamani iwe vivyo hivyo kwetu. Ndipo mwaka 1925 wakulima wa Kichaga walipounda chama chao, kilichojulikana kwa herufi KNPA, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo, wapate kuilinda kahawa yao na kuiuza kwa pamoja. Chama hicho kilizaliwa na wakulima wenyewe, jambo ambalo serikali ya kikoloni haikulifurahia sana.

Mwaka 1932 ilitungwa sheria ya ushirika, na KNPA ikarithiwa na KNCU. Hapa pana fundisho ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Mamlaka za wenyeji ziliamuru kwamba kahawa yote ya Mchaga iuzwe kupitia chama hicho kimoja. Basi ukiritimba wa kwanza alioujua mkulima wa mlimani haukuletwa na bepari mwenye mtaji. Uliletwa na amri, tena kwa jina la ushirika. Bei ziliposhuka, watu walidai kuuza watakako. Hawakusikilizwa, na mwaka 1937 maghala ya chama yakashambuliwa katika sehemu kadhaa za mlima. Wapo waliowaita wale watu wajinga wasiojua faida ya umoja. Sikubaliani nao. Waliudai umoja wenyewe miaka 12 nyuma. Walichokikataa ni umoja usioulizwa swali.

Hata hivyo chama kilikomaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei zilipanda, na KNCU ikawa miongoni mwa vyama vya ushirika vilivyosifika sana katika Afrika. Mkulima alilipwa malipo ya kwanza, kisha nyongeza kahawa ilipokwisha kuuzwa, na wajumbe wake waliweza kuuliza hesabu mkutanoni.

Likaja Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mabenki yalitaifishwa mara moja, na mwaka 1973 zikafuata estate za kahawa za walowezi. Jambo hilo lilikuwa la haki machoni pa wengi waliokosa ardhi. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa, KNCU ikiwamo, na kahawa ikakabidhiwa mamlaka ya serikali. Mali ilikuwa ya umma kwa maandishi. Mjumbe wa kuuliza hesabu hakuwapo tena. Sheria ya mwaka 1982 ikarudisha ushirika, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere, kwa uungwana wake, alikiri kwamba kuvivunja vyama lilikuwa kosa.

Walioshangilia soko huria katika miaka ya 1990 nao walipata jibu lao. Wanunuzi binafsi walifika vijijini na fedha taslimu, na watu wakafurahi, kwani nani asiyependa kulipwa siku ileile? Muda si muda kampuni chache zenye uhusiano na wafanyabiashara wakubwa wa Ulaya zikawa zinanunua kijijini, zinakoboa kiwandani, kisha zinaketi mnadani Moshi kuinunua kahawa yao wenyewe. Marx angetabasamu. Ilibidi serikali iingilie kati mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuzuia kampuni moja kushika leseni za hatua zote.

Nilipokuwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilimsaidia mama kubeba kahawa ya maganda hadi penye mizani. Alikuwa na desturi moja. Kabla hajatua gunia, alimwambia karani, kwa heshima zote, "Mwanangu, hebu nione mshale mizani ikiwa tupu." Karani alisubiri, mama akainama akatazama, ndipo tukapima. Ushirika uliporudi, alifanya hivyohivyo. Mnunuzi binafsi alipofika na gari lake, akiwa na haraka na noti mkononi, mama alimwomba naye aishushe mizani kwanza ili autazame mshale.