Historia ya Neno "Simu"

Majina ya vitu vyembamba na virefu aghalabu huingia katika ngeli ya U: uzi, ugwe, ufito, unywele. Neno simu halimo humo, ingawa kwa asili lilikuwa jina la kitu cha namna hiyo. Katika Kiajemi, sim ni fedha, yaani madini, na pia ni waya. Lilipopokewa katika Kiswahili likawekwa katika ngeli ya I na ZI, lisipate alama yoyote ya wembamba.

Ndugu yake wa maana, waya, lililotoka Kiingereza, lilikwenda njia nyingine. Sauti yake ya mwanzo ilifanana na ya wayo, na maana yake ikalivuta kwenye jamii ya uzi. Basi wengi husema nyaya, kama wasemavyo nyuzi. Waya likabaki kuwa uzi wa madini. Simu likawa huru kuhama.

Na kweli likahama. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Tangu hapo habari za ng'ambo hazikuhitaji kungoja merikebu. Aliyepiga simu alipeleka habari. Waya wenyewe hakuwa na haja ya kuufikiri. Ilipokuja simu ya mdomo, ya kwanza ikapambanuliwa kwa kuitwa simu ya maandishi. Kisha ikapatikana simu ya upepo, isiyo na waya kabisa. Kwa kufuata asili, huo ni "waya wa upepo", maneno yanayopingana. Lakini wasemaji hawakuona kasoro, kwa kuwa waya ulikwisha kutoka katika maana. Kwa hiyo simu ya mkononi haikudai jina jipya.

Hata hivyo uzi haukutoweka. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walieleza jinsi nuru iwezavyo kuchukua habari ndani ya uzi wa kioo, na mwaka 2009 nyuzi hizo zilifika Mombasa na Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Kila uzi una unene wa milimita 0.125 tu, bila ganda lake. Jina lililoenea Tanzania ni mkongo, wala hakuna aliyerudi kwenye simu.

Hapa pana funzo kwa watungao istilahi. Asili ya neno hueleza lilikotoka, lakini haiamuru liendako. Anayepima usahihi wa neno kwa asili yake peke yake atawahukumu wasemaji kwa sheria ambayo hawakuiweka.